Mashine Iliyoganda Al Wukair

Majira yangu ya kwanza ya baridi Doha nilikuwa fundi wa viyoyozi katika kampuni ndogo yenye karakana Abu Hamour. Watu wa nyumbani wakisikia Qatar hufikiria joto tu, na kweli karibu mwaka mzima kazi yetu ni kupoza. Lakini Januari huja siku ambazo upepo wa jangwani unapenya hadi mifupani, na hapo wenye nyumba hubonyeza rimoti upande wa joto, upande ambao hawajaugusa tangu mwaka uliopita. Ndipo simu zinapoanza.

Chumbani tulilala wanne. Wenzangu watatu walitoka sehemu moja huko Nepal, wakiwa na lugha yao, vicheko vyao, na sufuria yao ya dengu ambayo walinipakulia kila jioni bila kuombwa. Hawakunikosea kitu. Ila juma zima lingeweza kupita sijatamka sentensi ya Kiswahili mbele ya mtu. Kazini tulielewana kwa Kiingereza cha vipande na Kiarabu cha amri. Nikiwa juu ya paa peke yangu nilikuwa naongea na mashine, kwa sauti, nikiieleza ninachotaka kuifanya.

Ijumaa moja asubuhi msimamizi alinipigia. Villa moja Al Wukair, AC haitoi joto, kuna mama mzee analalamika. Wengine wako mapumzikoni, niende peke yangu. Siku hiyo jua lilikataa kutoka. Mawingu yalikuwa chini, hewa imejaa unyevu, na manyunyu yalikuwa yanalowesha kioo cha gari.

Mlango wa uani ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, amejifunga mtandio na kuvaa sweta la kiume. Nilimsalimia kwa salamu ya Kiarabu, akaitikia, kisha akageuka na kusema peke yake, "Haya, na huyu naye atamwaga maji aende zake."

"Mimi simwagi maji, mama," nikasema.

Alisimama. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe Mswahili?"

"Mkenya. Wa Nyandarua."

"Basi ndiyo maana hujaniamkia."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akacheka, kisha macho yakamjaa machozi, akayafuta kwa pembe ya mtandio kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Yeye alitoka Pemba. Alikuwa amekaa katika nyumba ile miaka mingi, akimtunza mama wa mwenye nyumba.

Huyo mama, ambaye yeye alimwita Bi Mkubwa, tulimkuta kwenye kochi ndani ya mablanketi mawili. Aliponiona alinyoosha mkono kuelekea AC ukutani na kusema, "Bard, bard." Neno hilo halikuhitaji mkalimani.

Mwanamke wa Pemba alinivuta pembeni. Alisema shida si baridi yenyewe. Bi Mkubwa alikuwa anataka jiko la makaa liletwe ndani, kama walivyokuwa wakifanya zamani, na hakubali dirisha lifunguliwe. Juzi, jiko likiwa linawaka ndani, alikuwa amemkuta Bi Mkubwa amelegea, kichwa kinamuuma, hawezi kusimama. Alimtoa nje kwa kumburuta. Tangu hapo makaa ameyafungia stoo na ufunguo anatembea nao, na Bi Mkubwa hasemi naye.

"Akiniomba mara nyingine sijui kama nitaweza kumkatalia," alisema. "Mtu akitetemeka mbele yako, utamwambia nini?"

Nikaenda nyuma ya nyumba kuitazama mashine ya nje. Nilibaki nimeduwaa. Mapezi yake yote ya nyuma, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa, yalikuwa meupe, na chini barafu ilikuwa nene. Kwetu Nyandarua ningeiita sakitu na kufikiria viazi vilivyoungua kwa baridi shambani. Sikutarajia kuiona Qatar.

Mwanamke yule alinifuata na kikombe cha chai. "Hebu nieleze," alisema. "Mashine ya kuleta joto inagandaje?"

Nilimweleza, na nilifurahi kueleza. Ukiiweka upande wa joto, mashine inafanya kinyume cha kazi yake ya kila siku: inachukua joto la hewa ya nje na kulipeleka ndani. Kwa hiyo mabomba ya nje ndiyo yanakuwa baridi. Hewa ikiwa na unyevu, maji yanashika kwenye mapezi na kuganda, barafu inaziba njia ya hewa, na joto la ndani linakwisha. Mashine isiyo na hitilafu inalijua hilo. Kuna kihisi kidogo kimebanwa kwenye bomba, na kikiona bomba limepoa kupita kiasi kwa muda, bodi ya umeme inayoiongoza mashine inasimamisha feni, inageuza mkondo wa gesi kwa vali, na gesi ya moto inapita nje kuyeyusha barafu. Kihisi kikiona bomba limepata moto, kazi ya kupasha nyumba inarudi.

"Basi hiyo imesahau kujiyeyusha."

"Au haijui kama imeganda."

Fundi aliyenitangulia alikuwa amemwaga maji ya moto tu. Barafu iliyeyuka, ikarudi. Mimi nilizima umeme, nikafungua kifuniko, nikaanza kufuata nyaya. Bodi ilikuwa salama, hakuna kilichoungua. Kisha nikakiona kihisi. Kilikuwa kimechomoka kwenye kibanio chake na kuning'inia hewani, mbali na bomba. Kilikuwa kinapima upepo wa Al Wukair na kuiambia bodi kwamba mambo ni shwari, wakati bomba jirani yake limefunikwa na barafu.

Sikutaka kukiamini hivi hivi. Nilimwomba yule mwanamke kikombe cha maji na vipande vya barafu, nikatumbukiza kihisi humo, nikapima kwa mita na kulinganisha na jedwali lililobandikwa ndani ya kifuniko. Kilikuwa kizima. Nikakisafisha, nikakirudisha mahali pake, nikakikaza na kukifunika kwa sponji ili upepo usikidanganye. Kisha niliyeyusha barafu yote na kuosha mapezi. Vumbi lililotoka lilikuwa kama uji.

Niliwasha na kuilazimisha mashine ijiyeyushe, kwa kuunganisha kidogo pini mbili za majaribio kwenye bodi. Feni ilisimama, vali ikapiga mlio, bomba likapata moto. Lakini jaribio hilo linaonyesha vali na feni tu. Halionyeshi kama mashine itajua yenyewe wakati wa kuanza. Kwa hilo inabidi usubiri.

Mafundi wengi hawasubiri, na siku nyingine nisingesubiri. Nilibaki. Mwanamke wa Pemba aliniletea kiti cha plastiki, yeye akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na tukaongea mpaka adhana ya Ijumaa ikapita. Aliniambia mama yake mzazi alifariki Pemba mwaka ambao Bi Mkubwa alivunjika nyonga. "Nilikuwa namwosha huyu," alisema, "nikapigiwa simu ya yule." Hakwenda. Nilimwambia kuhusu dengu, na jinsi ninavyoongea na mashine. Hakunicheka. Alisema yeye huongea na Bi Mkubwa kwa Kiswahili usiku, mzee akiwa amelala.

Ghafla feni ikanyamaza, vali ikapiga, na mvuke mweupe ukapanda kutoka kwenye mapezi. Ndani Bi Mkubwa alipiga kelele. Aliuona dirishani akadhani ni moto. Mwanamke wa Pemba alikimbia, nikamsikia akicheka na kueleza kwa Kiarabu. Maji yalitiririka sakafuni, mvuke ukapungua, feni ikarudi. Nilipoingia, hewa ya ukutani ilikuwa ya moto. Bi Mkubwa alitoa mkono kwenye blanketi na kumshika yule mwanamke kiganja, wala hakukiachia.

Sikuwa na sababu ya kurudi. Mashine haikuharibika tena.

Nilitumwa huko tena majira ya joto tu, kwa usafi wa kawaida. Mlango ulifunguliwa na msichana mgeni. Bi Mkubwa alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani, aliniambia kwa Kiingereza, na yule mwanamke alirudi kwao. Kochi lilikuwa limeondolewa. Niliosha mapezi, nikapima gesi, nikafunga kifuniko.

Kabla ya kuondoka nilimpigia mama yangu, nikiwa ndani ya gari. Nilimsimulia habari yote, chai na barafu na makaa yaliyofungiwa stoo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza huyo mama wa Pemba anaitwa nani, amtaje katika sala.

Sikuwahi kumuuliza.