Namba niliyoichonga mwenyewe kwenye taa

Leo nimemkamatisha mume wa dada yangu.

Nyie munajua mi ni fundi wa magari, hapa mtaa wa Buyenzi. Magari ya wateja wangu nayachonga namba ndogo kwenye vioo na taa, ili yakiibiwa yajulikane hata yakifunguliwa vipande vipande.

Asubuhi shemeji Saidi alikuja garaji na taa ya mbele, anataka ninunue.

Nikaigeuza. Namba ilikuwa pale nyuma, mwandiko wangu kabisa. Ni ya teksi ya Mama Zuhura, yule mjane wa Kinanira. Iliibiwa mwezi uliopita, na dereva wake alipigwa, mpaka leo anatembea kwa magongo.

Nikamuuliza, "Umeitoa wapi?"

Akaona ninachokitazama. Akasema polepole, "Shemeji, ifute tu. Fikiria watoto wa dada yako."

Nilifikiria, wallahi. Halafu nikampigia simu Mama Zuhura, akaja na polisi.

Saidi hakukimbia. Alikaa juu ya tairi, ananiangalia.

Mama Zuhura alilia, akaniombea dua. Mi nilishindwa kusema amina.

Sasa dada amepiga simu mara tano. Naliangalia tu jina lake.

Nyie mungepokea?