Aliyepitia Ukutani

Darasani walimwita Shangazi, naye hakuwalaumu. Alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini na ushee, mama wa watoto watatu, akisoma na watu ambao bado walikuwa na chunusi za ujana. Mtoto wake wa mwisho alipomaliza shule, aliifunika cherehani kwa shuka, akaenda chuo kikuu kusoma jiografia ya miji. Mumewe, mpole asiye na maneno mengi, alisema tu, "Soma, mama watoto. Elimu haina uzee." Mama mkwe, waliyeishi naye, alishangaa. "Kumbe mji nao husomwa? Mimi nilidhani unakaliwa tu."

Mwaka wa mwisho mhadhiri aliwatuma wachunguze jinsi watu wanavyopita katika mitaa yao. Shangazi hakwenda mbali. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na uwanja mtupu, usio na mti wala jiwe, kati ya makazi na barabara ya soko. Aliweka kiti kwenye kivuli cha ukuta, akatazama.

Njia iliyokanyagwa na watu haikuukata uwanja moja kwa moja. Ilianza vizuri, kisha ikapinda ghafla kulia, ikaenda, ikapinda tena kushoto, kana kwamba inazunguka kona ya kitu. Alidhani ni dimbwi la wakati wa mvua. Akaenda kuangalia; ardhi ilikuwa sawa kama meza.

Angesema ni mazoea, lakini wiki hiyohiyo akahamia mpangaji mgeni kabisa, bwana mmoja aliyekuja na godoro kichwani, limemfunika hadi machoni. Alipofika pale akapinda kama wengine. Tena akaliinamisha godoro upande, kama mtu anayechelea kukwaruza ukuta.

Shangazi akamfuata. "Samahani ndugu yangu, mbona umezunguka?"

"Nimezunguka nini, mama?"

"Hapo. Ungeweza kukata katikati."

Yule bwana akageuka, akautazama uwanja, akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamkauka. "Basi hata sijui," akasema, akaongeza mwendo.

Adhuhuri moja, jua la utosi, Shangazi aliamua kukata mwenyewe. Alilenga nguzo ya umeme ya upande wa pili, akatembea. Alipoiacha tu njia, joto likakatika. Mikono ilimsisimka kwa ubaridi wa chumba kilichofungwa madirisha, na kelele za soko zikafifia kama mtu ameegesha mlango. Hakuona kitu, uwanja ulikuwa uleule. Lakini haya zilimshika, haya za mtu aliyejikuta katika chumba cha kulala cha wenyewe, na wenyewe wamo, wamenyamaza, wanamwangalia. Alirudi kinyumenyume mpaka jua likampiga tena usoni.

Mama mkwe alikuwa uani akichagua mchele. Alimtupia jicho mara moja tu.

"Umeingia," alisema.

"Nimeingia wapi, mama?"

"Kwangu. Hapo ndipo nilipoolewa, kabla hawajaja na matingatinga. Mumeo kazaliwa hapo." Akautikisa ungo. "Na hukuingia kwa mlango, mwanangu. Umepitia ukutani. Ndiyo maana umewashtua."

"Nimewashtua akina nani?"

"Tuliamriwa kutoka, tukatoka," alisema yule bibi. "Si wote waliotoka."

Kesho yake bibi alimshika mkono, wakazunguka hadi upande wa soko. Mbele ya pasipo na kitu akasimama. "Hodi," akaita, kwa sauti ya kawaida ya jirani, akangoja. Shangazi hakusikia jibu, ila bibi alitikisa kichwa kuitikia, akavua ndala, akapita. Shangazi naye akavua zake. Ubaridi ulikuwa uleule, lakini haya hazikumshika tena. Walipokuwa wakitoka, bibi akajibana kando kumpisha mtu. Shangazi akajikuta naye ameshajibana, mgongo wake umegusa kitu kigumu, bapa, chenye ubaridi wa chokaa. Hakugeuka kukitazama.

Katika utafiti wake aliandika kwamba watu hurithishana njia hata baada ya nyumba kubomolewa. Mhadhiri alimpa alama nzuri, ila akamuuliza kwa nini hakueleza mbona hata wageni hupinda. "Nilikosa maneno ya kitaalamu, mwalimu," alijibu, na haukuwa uongo. Alihitimu, akapata kazi idara ya mipango miji, cherehani akampa binti yake.

Siku moja, wakinywa chai, alimuuliza mumewe alizaliwa chumba kipi. Mumewe akakiweka kikombe chini. Miaka yote ya ndoa yao alikwenda kazini kwa kuzunguka barabara kuu, na Shangazi alidhani anapenda tu kunyoosha miguu.

"Nikipita pale naitwa," alisema. "Kwa jina la utotoni. Sijawahi kuitika." Akamtazama mkewe. "Wewe wamekuita?"

"Hapana."

"Vizuri," alisema mumewe, akasogeza kikombe aongezewe chai.