Maoni Niliyoyafuata hadi Jeddah

Nilikwenda Jeddah kwa sababu ya mistari minne niliyoiandika kwa penseli. Ninyi wa nyumbani mnaoniuliza niliendea nini, umra au matembezi, jibu ndilo hilo, na si la kujivunia.

Huku Riyadh tuliko, kitabu cha Kiswahili hukikuti dukani. Anayerudi kutoka likizo huja navyo viwili vitatu, navyo hupita mkono kwa mkono: kwetu sisi wauguzi wa Al-Murabba, kwa madereva wa Al-Suwaidi, kisha Jeddah kwa Bi Salma, mshonaji wa Kizanzibari, ambaye huwapa wanawake wanaofanya kazi za majumbani. Desturi yetu ni moja. Ukimaliza kusoma, unaandika maoni yako kwenye ukurasa mtupu wa mwisho, unatia jina na mtaa, na hakuna ruhusa ya kufuta, yawe ya mwenzio au yako mwenyewe. Mimi nilisifika kwa maoni makali. Na nilipenda kusifika hivyo.

Mwezi ule nilisoma vitabu vitatu. Cha kwanza ni riwaya ya mwalimu mkuu anayeficha ugonjwa wake mpaka wanafunzi wafanye mtihani. Nilisifu nusu yake ya kwanza, nikasema mwisho umeharakishwa kama chai ya mgeni asiyetakiwa. Cha pili kilikuwa historia ya visima katika njia za misafara. Nilikipa heko, ingawa mwandishi anapenda ramani kuliko watu. Cha tatu ni kumbukumbu za mwanamke aliyefanya kazi za ndani ughaibuni. Mahali pamoja anasimulia kwamba bibi mzee wa nyumba ile, aliyekuwa akimfokea kila siku, alipofariki yeye alilia kuliko mabinti. Nikaandika: "Chumvi imezidi. Hakuna mtu wa namna hii. Anayefokewa halii. Msomaji, usipoteze muda wako." Nikatia jina: Rehema, Al-Murabba.

Wiki tatu baadaye Bi Salma akanitumia ujumbe wa sauti. Alisema yupo msichana wa Kikenya, Nafula, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiandika maisha yake ya humu nchini kwenye daftari. "Kasoma maneno yako, mwanangu, kaacha kuandika. Mkataba wake umekwisha, Jumapili anasafiri kwao. Anasema lile daftari hatoondoka nalo." Niliusikiliza mara tatu. Niliona kuomba radhi kwa simu kungenipoza mimi tu. Nikabadilishana zamu na mwenzangu.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka Riyadh. Nilikuwa na ile riwaya ya mwalimu mkuu, maana ilikuwa haijapata msafiri wa kuipeleka mbele. Mpaka tunaacha majengo ya mwisho na kuingia kwenye ardhi ya mawe na vichaka vikavu, nilikuwa bado kwenye sura ya kwanza. Safari hii nilisoma polepole. Ule mwisho bado una haraka, sirudi nyuma kwa hilo, lakini niligundua ukurasa mzima ambao sikuwa na kumbukumbu nao hata kidogo. Mara ya kwanza niliusoma nikiwa nimetoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, miguu nimeitia kwenye beseni. Nilimhukumu mwandishi kwa usingizi wangu.

Saa saba mchana tulisimama Dhalm. Tuliswali, tukanywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi. Upepo wa pale ulikuwa na vumbi la kuumiza macho, nami nilirudi ndani upesi. Nilianza kukariri maneno ya kumwambia Nafula. Kila nilipoyapanga yalitoka kama taarifa ya hospitali.

Taif, alasiri. Wanaume kadhaa walipanda wakiwa wameshavaa ihramu, wanateremka Makka. Mama mmoja akaniuliza kama nami nakwenda umra. Nikamjibu nakwenda kuomba radhi. Akaitikia kwa kichwa.

Jeddah ilinipokea magharibi kwa joto lenye unyevu, lile lile la Tanga, hata nikahisi nimefika mahali ninapopajua. Bi Salma anaishi chumba kimoja karibu na maduka ya vitambaa, cherehani mbele, kitanda nyuma ya pazia. "Karibu mwanangu, vua baibui, ule kwanza," aliniambia. "Nafula kesho baada ya swala ya Ijumaa. Madam kampa ruhusa mpaka alasiri." Kuhusu daftari nilimwuliza, akasema hajui.

Ijumaa, saa nane mchana, Nafula aliingia. Msichana mrefu, mikono imechakazwa na dawa za kusafishia. Kile kitabu cha kumbukumbu alikuwa nacho kwenye mfuko wa plastiki.

"Ndiwe Rehema wa Al-Murabba?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani wewe ni mzee."

Nikatoa maneno yangu niliyoyakariri. Aliyasikiliza yote, kisha akasema, "Dada, mimi siko na hasira na wewe. Ile notibuku nilitupa Jumanne. Niliweka kwa takataka ya jikoni, gari ikabeba. Halas, imeenda."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimesafiri siku nzima nikiamini daftari lipo na kazi yangu ni kulinusuru. Nililia mbele yake, na niliona aibu kulia, kwa sababu hasara haikuwa yangu.

"Wacha nikuambie," akaendelea. "Mama Mkubwa, yule mzee wa nyumba ya madam, alikuwa ananifokea kuanzia asubuhi. Chai ikiwa moto, makosa. Ikiwa baridi, makosa. Nimemwosha, nimemlisha, miaka mbili. Alipokufa nililia mpaka madam akaniuliza kama nimepata simu mbaya kutoka nyumbani. Mimi mwenyewe sikujielewa. Nikaandika kurasa tano nikijaribu kuelewa. Halafu nikasoma hiki kitabu, nikasema, kumbe tuko wawili! Nikafungua ukurasa wa mwisho." Akakitoa mfukoni, akanifungulia hapo. "Si uliandika hakuna mtu wa namna hii? Sasa mimi ni nani?"

Nilikuwa na kifutio mkobani. Nilikitoa, nikavuta kitabu, naye akanishika mkono.

"Usifute. Si mko na sheria? Andika chini yake."

"Niandike nini?"

"Kwanza, ulikisomea wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Unalala na nani?"

"Peke yangu."

"Mlango uko na ufunguo?"

"Upo. Ninao mimi."

"Basi anza na hiyo."

Bi Salma alikuwa ameacha kushona. Nikaandika. Nilipomaliza nilimwomba Nafula anisimulie tena habari za Mama Mkubwa, nami niziandike. "Zile kurasa tano hazirudi," akasema. "Nitakupa moja." Akausema taratibu, nami nikauandika chini ya maneno yangu hadi ndani ya jalada, adhana ya alasiri ikatukuta tukiwa kwenye sentensi ya mwisho. Jina alilitia mwenyewe: Nafula, Webuye. Nilimwuliza mbona hakuandika mtaa wa hapa. "Hapa sikuwa na mtaa, dada. Nilikuwa na jikoni."

Jumamosi nilirudi kwa njia ile ile, na sikusoma chochote. Jioni nilifika Al-Murabba, nikazungusha ufunguo mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikausikia unavyolia. Nafula alisafiri siku iliyofuata.

Bado naona zile kumbukumbu zina sura ndefu mno mwanzoni, na nitalisema hilo kwa yeyote. Lakini sasa, kabla ya kusema kitabu kina kasoro gani, naandika nilikuwa nimekaa wapi nilipokisoma. Kitabu chenyewe nilirudi nacho Riyadh, na kimeshakwenda tena Al-Suwaidi. Atakayefika ukurasa wa mwisho atayakuta maoni yangu ya kwanza, na chini yake haya:

"Nilikisoma kitabu hiki peke yangu, mlango nimeufunga kwa ufunguo wangu mwenyewe. Nilisema hakuna mtu wa namna hii. Yupo. Maneno yake ni hayo yanayofuata."