Pikipiki yangu ilikuwa haiwaki kwenye tambarare, nusura nikose mke

Wakuu, heshima kwenu.

Humu huwa nasoma tu na kupita. Leo naleta cha kwangu, na sijaongeza chumvi. Mashahidi ni kwaya nzima.

Naishi Shume, juu ya Lushoto. Nina pikipiki ya cc 150 niliyoinunua kwa mtu. Kiki yake ya mguu ilikuwa imeliwa meno, kwa hiyo iliwaka kwa self tu, yaani kwa kitufe.

Au kwa mteremko.

Huku mteremko haujawahi kuadimika. Unaegesha pikipiki ikitazama bondeni, asubuhi unaiachia, unatia gia ya pili, imewaka. Niliishi hivyo muda mrefu nikijiona mjanja. Kama betri ilikuwa hoi sikujua, maana sikuwahi kuiuliza.

Sasa nilikuwa na mchumba, Eliza. Baba yake ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na alikuwa hajakubali wazee wangu waje kuposa. Alitaka kwanza anione mwenyewe nilivyo.

Jumapili moja baada ya ibada nikampa shikamoo, akaitikia, akasema nimpeleke Lushoto mjini.

Wakuu, uwanja wa kanisa letu ni tambarare. Sijui waliipata wapi.

Nikabonyeza self. Tik. Nikabonyeza tena. Tik tik. Taa ya dashibodi ikafifia, waumini wakakaribia.

Kwaya wakaja kusukuma na majoho yao, soprano kushoto, besi kulia. Ikawaka tukiwa getini.

Mzee hakupanda. Aliniambia, "Kijana, ukimjengea binti yangu nyumba ya tambarare, utamwita nani akusukume?"

Akaondoka kwa miguu. Iliniuma, sifichi.

Kesho yake nikanunua betri mpya. Wiki chache baadaye: tik.

Fundi wa stendi akasema nibadilishe waya zote za pikipiki. Nikamwambia nitarudi. Nikaazima multimita, kile kipima umeme, kwa jirani anayefunga sola.

Kwa asiyejua: pima betri ikiwa imetulia, pikipiki imelala usiku kucha. Ikisoma volti 12.6 hivi imeshiba, ikiwa chini ya 12 ina njaa. Halafu pima huku unabonyeza self. Ikiporomoka chini ya tisa na nusu hivi, haina nguvu, hata kama ilipotulia ilikuonyesha namba nzuri. Mtu mnene akikaa huwezi kujua nguvu zake, mpe gunia la karoti uone.

Mwisho washa injini, vuta moto kidogo kwa kuzungusha mkono wa mafuta. Inatakiwa ipande kwenye 13.8 mpaka 14.5. Yangu ilisoma 14.2, kwa hiyo magneti na regulata, vinavyochaji betri, vilikuwa vizima. Nikatafuta waya unaovujisha umeme pikipiki ikiwa imezimwa, hakuna. Vichwa vya betri vimekaza.

Nikaichaji betri kwa jirani mpaka ikashiba, nikaifunga multimita juu ya tenki, nikashuka nayo mjini.

Kufika Magamba, mteremko wa mjini unapoanza, nikazima injini kama kawaida yetu, ili kubana petroli. Swichi nikaiacha imewashwa ili honi ifanye kazi kwenye kona.

Mimi nashuka, na volti zinashuka.

Taa ya mbele inawaka kwa sababu ya ukungu. Taa ya breki inawaka njia nzima, maana breki nimeishika njia nzima. Honi kila kona. Redio nayo inaimba. Wote wanakula kwa betri na injini imelala. Wakati wa kupanda kurudi ndipo inachaji, lakini kwa mwendo wa konokono na taa zote zikiwaka, kinachobaki ni cha kulamba.

Betri haikuwa mbovu. Nilikuwa naiua mwenyewe, kila safari.

Nikatengeneza kiki, nikaichaji betri upya, nikaenda kwa mzee kuomba nimpeleke mjini. Alifikiri kidogo, akapanda.

Magamba akanigusa bega. "Mbona huzimi? Huku ni mteremko."

Nikamweleza yote. Tukafika stendi, penye tambarare. Akashuka.

"Zima."

Nikazima.

"Washa."

Ikawaka kwa mguso mmoja. Akataka nirudie, nikarudia. Akaweka kofia yake sawa.

"Waambie wazee wako waje. Njia wanaijua."

Nilichojifunza: pima kabla ya kununua, na ukiwa milimani shuka na injini inawaka, kwenye gia. Betri itaishi, na breki hazitaungua ukajikuta bondeni kabla ya wakati.

Kwaya waliimba kwenye harusi yetu. Safari hii hakuna aliyesukuma kitu.

Wa milimani wenzangu, nyie mnashukaje? Semeni ukweli, wakwe hawamo humu.