Kitasa cha Mama

Kaka yangu anaishi ng'ambo, kwa hiyo anaijua Garissa kuliko sisi tunaoishi humu. Aliposikia kwamba mama yetu ameumia nyonga na mlango wake unashinda wazi, pazia tu likipepea, alituma kitasa cha betri kinachojifunga chenyewe, chenye vitufe vya nambari upande wa nje. Wezi, alisema. Nilimwambia mwizi angelazimika kwanza kuvuka viatu vya wageni, kisha awasalimie wenye viatu. Hakucheka.

Fundi alikifunga asubuhi. Baada ya alasiri majirani wakaja kunywa chai kama kawaida, wakatoa salamu, wakasukuma mlango. Haukusogea. Mama alipofika na mkongojo wake, walikuwa wameshaondoka. Kesho yake alikuja muuza maziwa ya ngamia peke yake, naye aliacha dumu nje. Kwetu, mlango uliofungwa mchana una maana moja: hamtakiwi.

"Kaka yako amenilinda vizuri," mama aliniambia. "Sasa hata wanaonipenda hawaingii."

Nilimsihi kaka tuking'oe. Akatuma spika ya mezani inayopokea amri, ili mama afungue akiwa amekaa. Nikaunganisha spika na kitasa kupitia simu yangu, vikaniapia kwamba vimefahamiana. Spika ilijua Kiingereza tu, basi mama, ambaye hakuwa amekihitaji maisha yake yote, akakariri sentensi moja. Lakini kwa ajili ya usalama, kila akiamuru mlango ufunguke, ilimtaka ataje nambari ya siri, ile ile ya vitufe. Kwa sauti.

Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wajaribu tena.

Sasa, mama huitikia salamu ya mgeni kwa sauti inayofika barabarani, ndiyo adabu. Aliona hakuna sababu ya kuitikia kwa kelele kisha kunong'onea spika. Wiki haikuisha kabla mtaa mzima haujaijua nambari. Wakaanza kubonyeza wenyewe, wasimsumbue mgonjwa. Muuza maziwa akawa anafika hadi jikoni.

Kaka alipiga simu wakati wa chai.

"Abaayo, dada yangu, kinafanya kazi?"

Nilimhakikishia kwamba haingii mtu bila nambari ya siri. Alifurahi sana, akashauri tuibadilishe mara kwa mara. Nikamfikishia mama.

"Ibadilishe tu, hooyo, mwanangu," alisema, akimmiminia jirani chai. "Kufikia jioni watakuwa wameijua."