Spika za Baba Mkubwa

Juzi dukani Gitega nilimwona mwanamume akichagua spika kwa kuzigonga kama anayenunua matikiti maji. Nikamkumbuka baba mkubwa, kule Muyinga, alasiri aliyoleta amplifaya ndogo na spika nne zilizonipita urefu, mimi nikiwa mtoto.

Sebule ilinukia maboksi mapya. Spika ya nne ilikosa mahali, basi akakitoa kiti cha bibi, mama yake mzazi, pale dirishani, akampeleka jikoni kwenye moshi.

“Mama, hii muziki iko inataka nafasi.”

“Na mi nataka hewa,” bibi alijibu akikohoa.

Mimi nilidhani spika ni wageni wakubwa, na bibi amewapisha kwa heshima.

Majirani walijaa. Baba mkubwa akabonyeza. Amplifaya ilikoroma mara moja, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikafa. Alikuwa amechagua kwa macho tu, hakuuliza kama kifaa kidogo vile kingeziweza spika zote.

Nilikimbilia jikoni kumuuliza bibi mbona wageni hawasemi.

“Hawana la kusema,” alinijibu, “kama aliyewaleta.”

Kesho yake mama yangu alimchukua bibi akae kwetu. Baba mkubwa alikuja mara moja tu, kuuliza kama tunamjua fundi.