Shuka Lilikuwa Jeupe

Saa nne asubuhi, mpiga picha anaingia chumbani kwa mzazi, viatu ameviacha mlangoni, begi la kamera begani. Kabla hajafungua zipu anaomba kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Anaomba pazia lifunguliwe na mtoto avuliwe soksi.

"Soksi tena?" anauliza mama mkwe aliyeketi ukingoni mwa kitanda. "Tumeita mpiga picha au tumeita daktari?"

"Mpiga picha, mama. Ila ni mpiga picha mwoga."

Chumba kizima kinacheka, yeye hacheki. Anampokea mtoto, anasogea naye dirishani, anamtazama nyayo. Anambonyeza kidogo paji la uso kwa ncha ya kidole na kuachia. Kisha anasimama pale akimbembeleza, akisubiri afumbue macho ili auone weupe wake. Mzazi ameshaanza kuingiwa na wasiwasi anaposikia, "Haya, yuko salama. Mvisheni, tupige picha."

Ndipo inapotoka karatasi nyeupe. Anaiweka kando ya shavu la mtoto, anaigeuza flashi itazame dari, anapiga. Picha ya kwanza haina uzuri wowote, ni karatasi na nusu ya sikio. Kwa sababu ya karatasi hiyo mtaa mzima unamwita Fundi Karatasi, na wapo watoto wanaodhani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

"Balbu ina umanjano wake, dirisha lina ubuluu wake, flashi nayo ina mwanga wake," anaeleza huku akibonyeza vitufe. "Jicho la mtu linazoea, kamera haizoei. Lazima uiambie, sikiliza bwana, leo tunatumia flashi, nyeupe ya leo ni hii hapa. Usipoiambia itakupaka watu rangi ya maiti, au rangi ya embe bivu."

Mtu akimsikia anavyoieleza kazi yake kwa utani namna hiyo, atadhani ameridhika nayo. Hajaridhika. Kwa miaka tisa amebeba jambo ambalo hata mkewe hakulijua, na limemzeesha kuliko umri wake wa miaka hamsini na mbili.

Miaka hiyo tisa iliyopita aliitwa kwenye nyumba ya mshonaji mmoja, mtaa wa pili kutoka kwake. Mshonaji alikuwa amejifungua binti, mtoto wa kwanza, ana siku nne. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini mbali na alitaka kumwona mwanawe hata kwa picha. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimepakwa rangi ya krimu. Fundi aliweka kamera kwenye alama ya flashi kama inavyotakiwa, akaielekeza flashi ukutani ili mwanga urudi kwa upole usimuumize mtoto, akapiga picha zake akaondoka.

Jioni alipozifungua kwenye kompyuta, mtoto alikuwa wa manjano.

"Nikasema, aa, ukuta ule umenichezea," anasimulia. "Na kweli ukuta wa rangi unaweza kuuchafua mwanga. Sikuwaza mara mbili. Nikashika kile kitufe cha rangi, nikavuta kuelekea buluu, nikavuta, nikavuta, mpaka mtoto akawa na rangi nzuri ya mtoto. Nikajipongeza."

Anaikunja ile karatasi na kuikunjua tena.

"Shuka lilikuwa jeupe. Unanielewa? Mtoto alilazwa juu ya shuka jeupe, na kwenye picha ya kwanza, kabla sijagusa kitu, shuka lilikuwa jeupe kabisa. Kama ukuta ungekuwa umeniharibia mwanga, shuka nalo lingekuwa la manjano. Kamera ilisema kweli. Flashi ilisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi."

Mtoto alikuwa na manjano, yale yanayowapata watoto wachanga. Muuguzi mmoja wa kliniki ya jirani anasema wengi huyapata kidogo na huisha yenyewe. Hatari ni yale yanayozidi huku nyumbani watu wakisubiri. Yakizidi hufika kwenye ubongo, na mara nyingi cha kwanza kuchukuliwa ni masikio.

Nyumbani kwa mshonaji, aliyeyaona alikuwa bibi. Tangu siku ya nne alikuwa akisema macho ya mjukuu wake hayampendezi. Lakini picha zilipofika, zikatumwa kwa baba, baba akajibu kwa furaha kwamba binti yake anang'aa, na kwamba mama mkwe wake aache kuwatisha watu.

Mshonaji mwenyewe, ambaye sasa ana banda lake la kushonea sare za shule, anaikumbuka siku ile bila kupepesa macho. Anaongea huku mguu ukikanyaga cherehani, kana kwamba ukisimama naye atasimama.

"Mama yangu aliniambia, twende hospitali. Nikamwonyesha picha. Nikamwambia, mama, tazama, mbona mtoto yuko safi, ni hii taa yetu tu. Mama yangu akaniangalia, akasema mwenye macho haambiwi tazama. Nikamkasirikia. Tukakaa siku mbili. Siku ya tatu mtoto akakataa kunyonya."

Hospitali iliyaokoa maisha ya binti. Kusikia hakukurudi.

Fundi Karatasi alizipata habari hizo miezi kadhaa baadaye, kwa njia ambayo hakuna adhabu inayoishinda. Mshonaji alikuja dukani kwake na mtoto mgongoni, akataka picha ile ile ikuzwe, iwekwe fremu. Alimweleza yote, akamalizia kwa kumshukuru. Hiyo, alisema, ndiyo picha pekee ya mwanawe akiwa bado mzima.

"Nikaikuza," anasema Fundi. "Nikaitia fremu nzuri. Akaondoka ananiombea heri. Nikafunga duka nikakaa chini."

Kwa nini hakusema siku ile? Anaulizwa swali hilo na hatafuti mlango wa kutokea. Anasema aliogopa. Kisha mwaka ukapita, na wa pili, na kila mwaka uliopita ukaufanya ukweli uwe mzito zaidi kuubeba mpaka mtaa wa pili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliyaficha maradhi ya mtoto wa mtu bila kujua, kisha akajificha mwenyewe akijua.

Alichofanya ni kubadilisha kazi yake. Ndipo ilipoanza karatasi, dirisha na soksi. Mtoto mchanga akionekana wa manjano hampigi picha. Anawaambia wenye nyumba waende hospitali kwanza, yeye atawasubiri hata wiki. Wapo waliomtimua wakisema amewaletea mkosi. Wapo wanaotaka mtoto "ang'arishwe kidogo" kwenye kompyuta. Huwarudishia pesa zao na kuwaelekeza kwa mwenzake wa barabara kuu. Karibu nusu ya wateja wa watoto wachanga wamemhama.

Lakini karatasi haikumpa usingizi. Mwanzoni mwa mwaka huu bibi yake binti alifariki, na Fundi alikwenda msibani. Aliwasikia wanawake wakimsifu marehemu kwa kila kitu isipokuwa lile. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndiye aliyeyaona manjano ya mjukuu. Arobaini ilipokwisha akaenda bandani kwa mshonaji, na picha ya kwanza mkononi, ile ambayo hakuigusa.

"Aliiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nakata," anasema mshonaji. "Sikuelewa. Akanionyesha shuka. Akanionyesha mtoto. Halafu akaanza kulia, mwanamume mzima. Nikamwambia toka."

Mshonaji hakumwita wiki nzima. Alipomwita, fremu ilikuwa imeshateremshwa ukutani.

"Watu wananiuliza kama nimemsamehe," anasema mshonaji, na kwa mara ya kwanza mguu unaacha kukanyaga. "Mimi nilikuwa na macho. Nilimbeba mtoto mikononi, nikaamini karatasi, nikamnyamazisha mama yangu mzazi. Nianze kumsamehe nani? Nilimwambia hivi, kaka, umeniambia mimi, umefanya vizuri. Lakini masikio hayakuwa yangu. Utamwambia mwenyewe. Na mikono yangu sikuazimi."

Alikuwa na maana ya mikono ya kutafsiria. Binti huzungumza kwa ishara, na Fundi hakujua hata moja.

Ndiyo maana siku hizi, kila Jumamosi, duka lake hufunguliwa mchana. Asubuhi huwa kwenye darasa moja la shule ya viziwi, kwenye benchi la watoto ambalo magoti yake hayalipendi, akijifunza pamoja na wazazi. Vidole vyake ni vizito. Aliwahi kutaka kusema ana njaa, akasema ana mbuzi, na darasa likacheka bila sauti mpaka mwalimu akafuta machozi. Anajua sasa picha, mtoto, hospitali, kosa. Mwalimu anasema maneno anayoyahitaji ameshayapata siku nyingi. Yeye anasema hayajatosha.

Jumamosi iliyopita binti alikuwepo, amemsindikiza mama yake. Ana kishimo shavuni, na jina lake kwa wenzake ni kidole kikigusa kishimo hicho. Alikaa akimtazama mzee huyu anayepindisha vidole, kisha akamfuata, akamuuliza polepole ili aelewe. Hapa kila mtu ana mtoto wake. Wa kwako ni yupi?

Fundi akamgeukia mama. Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili, akitazama dirishani.

Akajibu kwamba hana.

Binti akamtazama kwa huruma. Akamwambia pole, akampapasa bega kama anavyofarijiwa mgonjwa, akarudi kwa wenzake.

"Sikulala siku ile," anasema Fundi Karatasi. "Yeye ananipa pole mimi!" Anatazama mikono yake, anaijaribu ishara hiyo mara moja, taratibu, ili asiikosee. "Jumamosi hii nakwenda mapema, kabla wengine hawajafika. Mama yake nimeshamwambia. Nitaanzia palepale tulipoishia. Nitamwambia ile pole aliyonipa haikuwa yangu, ilikuwa yake."